Chumvi ya Baba Yako

Zuhura mwanangu,

Umekwenda kusuka, umesema utarudi baada ya alasiri, na mie nimekaa hapa jikoni juu ya kigoda na karatasi nilizochana katikati ya daftari la mdogo wako Shabani. Akiuliza nitasema panya. Kesho alfajiri basi la Tunduru linakuchukua pale Mbagala. Mambo ya kufunga mlango na kuchemsha maji ya kunywa sitayaandika. Una miaka ishirini na tatu, mwalimu mzima mwenye barua ya ajira, na akili ya kufunga mlango unayo kuliko mie ninayelala na ufunguo nje. Nataka kukuandikia habari ya chumvi.

Najua hapo umesita. Usiikunje. Soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kuichoma, kiberiti unajua kinapokaa.

Ningekwambia kwa mdomo. Mdomo ninao, Chamazi nzima inajua. Nimegombana na muuza mkaa, nimegombana na mjumbe, nimegombana na bwana harusi siku ya harusi yake kwa sababu ya mchele. Lakini neno hili kila nikitaka kulitoa linarudi chini. Miaka tisa linarudi chini. Wiki hii yote nimekuwa nakuita, "Zuhura, hebu njoo," ukija nakwambia nipe ungo. Ungo nimeupokea mara nne.

Basi naanza na mimi mwenyewe, maana kosa lilianza kwangu.

Mama yako ni mpishi wa shughuli. Tangu hujazaliwa naitwa kwenye harusi na maulidi, Mbande, Chamazi, mpaka Kigamboni wananifuata. Pilau langu mtu akila, vidole vinabaki vinang'aa, na mie hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Mchuzi usioelea mafuta nilikuwa nauita maji ya kunawia. Na nyumbani nilipikaga hivyo hivyo, kila siku kama vile kuna harusi. Nilijiambia nawapenda. Kweli niliwapenda, lakini nilipenda pia jirani akipita asikie harufu.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuja mjini kijana kutoka Newala, akawa fundi wa milango. Alikuwa mpole, unamkumbuka, mtu wa kucheka na mabega. Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa nacho cha kibwana: sinia. Hakutaka mtu apakuliwe sahani. Jioni akirudi na vumbi la mbao kichwani, nitandike mkeka, sinia katikati, yeye, bibi yako, wewe, Shabani na mie. Na samaki ni yeye wa kumchambua. Alikuwa anatoa ule mnofu wa shavuni, anausukuma kwa kidole mpaka upande wako, kimya kimya, huku anaongea habari nyingine kabisa. Wewe, Bi Mdogo wake kama alivyokuita, ulikuwa unasubiri ule mnofu hata wali unaacha kuutafuna. Shabani akilia naye, anaambiwa, "Samaki ana mashavu mawili, bwana, subiri zamu."

Halafu mkono wa kushoto ukaanza kumfa ganzi. Tukaenda kituo cha afya, wakapima, presha imepanda vibaya. Alipewa dawa, na nesi mmoja, binti mdogo tu, alinivuta pembeni. Alisema, "Mama, msimpikie peke yake. Hatoweza. Punguzeni chumvi na mafuta kwenye chungu cha nyumba nzima, mle wote pamoja."

Nilimwitikia, "Haya mwanangu." Njiani narudi, nasonya. Huyu mtoto ananifundisha mie kupika?

Lile neno lake moja, Zuhura, ndilo lililokuwa dawa, na mie nililiacha pale pale kwenye benchi.

Niliogopa. Sikuogopa maradhi, nakwambia ukweli, niliogopa watu. Niliona bibi yako atasema mke wa mwanawe amekuwa bahili. Niliona wageni watakula kwangu mchuzi mwepesi, watoke wakasimulie kwamba mpishi amefulia. Basi nikanunua kisufuria. Unakikumbuka, kile cha bluu chenye mfuniko uliobonyea. Nikasema hiki ni cha mgonjwa, sie wengine tutaendelea na chetu.

Na unajua nilichompikia? Samaki chukuchuku, maji na samaki, basi. Mchicha wa kuchemsha mpaka ukawa mweusi. Viazi vitupu. Sikukata hata kitunguu. Mie, ninayejua kuyafanya maharagwe yaitwe nyama! Ustadi wangu wote niliutia kwenye masufuria ya watu, na mume wangu nikampikia maji. Nilikuwa nakipika asubuhi, naondokea shughuli zangu, jioni napasha. Nilikichukia kile kisufuria kwa sababu kilikuwa hakina sifa. Hakuna mtu angepita akasikia harufu yake.

Chakula cha sahani hakiliwi kwenye mkeka, nikamwekea kiti cha plastiki barazani. Siku ya kwanza alikaa, akaangalia sahani, akaangalia sie tumezunguka sinia mlango wazi. Akaniuliza, "Mama Zuhura, mie nimetengwa?"

Nikamjibu, "Hujatengwa, unatunzwa. Kula."

Akacheka na mabega. Akala nusu. Keshoye akala robo. Samaki wake alikuwa wa peke yake, na mnofu wa shavuni hakuwa na mtu wa kumsukumia. Nilimwona mara moja ameuchambua, ameushika kwa vidole viwili, hajui aupeleke wapi. Akaurudisha kwenye sahani. Niliona, Zuhura. Nilikuwa naona kila kitu, na nikaenda kuongeza mchuzi kwenye sinia.

Wewe ndiye pekee uliyeinuka. Ulikuwa na miaka kumi na nne, ukawa unakula matonge mawili matatu kwa haraka, unanawa, unakwenda kukaa naye barazani. Nilikuwa nagomba, "Mtoto gani huyu, anakula kama anafukuzwa!" Sikujua unambebea chumvi.

Sasa nije kwenye lile ambalo hulijui. Hili sijamwambia mtu.

Kama mwezi mmoja kabla baba yako hajaanguka, mama anayekaanga mihogo mbele ya karakana yake alinisimamisha gengeni. Akaniambia, "Shoga, mumeo siku hizi ananiunga mkono kweli. Mihogo yangu ndiyo chakula chake, na chumvi anaongeza mwenyewe, na kachumbari. Asubuhi supu pale pembeni. Kwani nyumbani hampiki?" Wanawake wawili waliokuwa wananunua nyanya wakacheka.

Nilirudi nyumbani nawaka. Mwanamke mwingine yeyote angeogopa kwamba mumewe anajiua. Mie niliona aibu. Nilisema moyoni, anayekataa chakula changu na ale cha watu. Sikumuuliza. Sikumkataza. Na zile dawa, niliona kabisa karatasi iko vile vile, vidonge havipungui, nikasema mtu mzima huyo, simnyweshi kama mtoto. Niliendelea kumpakulia maji yangu kila jioni na uso wa kuonewa, na yeye akaendelea kuyala nusu na uso wa mtu mwenye adabu. Tulinuniana hivyo mwezi mzima, bila hata mmoja kusema neno.

Alianguka karakanani, randa mkononi. Hospitali alikaa siku mbili, hakusema kitu. Tukamzika.

Siku ya tatu mie niko ndani nimekaa eda, chumba kimejaa wanawake, shangazi yako anakusanya nguo za marehemu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati lake la kazi, akatoa kifundo cha nailoni. Akakifungua, akaonja. "Chumvi," akasema.

Nikauliza, nani kampa? Ungeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Ulisimama pale mlangoni na kanga ya bibi yako mabegani, ukasema, "Mimi, mama. Aliniambia, Bi Mdogo, niletee chembe tu, nijue ninachokula ni nini."

Nami nikasema mbele ya watu wote, "Basi wewe ndiye uliyemuua baba yako."

Nimeliandika hapa kama lilivyo. Sikulipunguza ukali hata kidogo, maana hata siku ile sikulipunguza. Bibi yako alisema, "Astaghfirullah, mkwe wangu!" Shangazi yako alinifumba mdomo kwa kiganja. Wewe hukulia. Ulinitazama, ukaitikia kwa kichwa, kama mtoto aliyeulizwa swali darasani na jibu analijua.

Kwa nini nilisema? Nilikuwa najua habari ya mihogo, Zuhura. Najua supu, najua vidonge. Lile neno lilikuwa langu, lilikuwa linanitafuta mie, na nilipoona mtu mwingine amesimama mlangoni nikamtupia. Mtoto wangu mwenyewe. Mungu anisamehe, na kama hatonisamehe sitashangaa.

Ningeweza kulirudisha jioni ile. Nilikaa ndani miezi minne na siku kumi, mwanamke hana pa kwenda, na wewe ndiye uliyekuwa unaniletea maji ya kuoga. Mara ngapi ulisimama pale na ndoo! Nilikuwa nasema, "Weka hapo."

Na jikoni uliendelea wewe. Ulipopakua chakula mara ya kwanza baada ya msiba, sinia ukaliweka mkekani kwa ajili yetu, halafu ukachukua sahani ya baba yako, ukapakua chakula ulichokitoa pembeni kabla ya kutia chumvi, ukaenda kula chumbani. Nikasema atazoea, ni uchungu tu. Hujazoea mpaka leo. Umekwenda bweni, umekwenda chuo, ukirudi likizo ni sahani na chumba. Majirani wanasema, "Zuhura wako ana dayati ya kisomi, mzuri, hanenepi." Mie nacheka nao. Nasema, "Ndiyo, mwanangu anajipenda." Halafu naingia ndani natamani ardhi inimeze.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilipotoka eda, bibi yako naye akapimwa, presha vile vile. Safari hii niliogopa maradhi yenyewe. Nikachukua kisufuria cha bluu, nikakipeleka kwa anayekusanya vyuma chakavu. Nikasema kama ni kufa tufe wote na chungu kimoja. Ile siku nilinunua samaki, nikamkamulia ndimu akae, nikatwanga kitunguu swaumu na tangawizi na pilipili mbuzi. Nyanya nikaziivisha taratibu bila haraka mpaka zikajikaanga zenyewe kwa kijiko kimoja cha mafuta. Tui zito nikaliacha, nikatia lile la pili, jepesi, na bizari kidogo. Chumvi nikachukua kwa ncha ya vidole, nikafumba macho. Pembeni matembele, yaliyoiva kidogo tu yakiwa bado kijani. Ugali mdogo.

Nikaketi nangojea matusi. Bibi yako alikula tonge la kwanza, la pili, akalamba kidole, akasema, "Leo ndiyo umepika."

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta. Ilikuwa rahisi hivyo, Zuhura. Saa moja ya kazi na ndimu mbili. Yule binti wa kituo cha afya hakuniomba nijifunze kitu kipya. Aliniomba nipike vizuri kwa ajili ya mume wangu, nile naye. Angekula! Angekaa pale mkekani na miguu yake mirefu, angechambua samaki, asingejua hata kama chumvi imepungua. Bibi yako mpaka leo yupo, anagombana na kuku wa jirani, hajawahi kuuliza chumvi ilikwenda wapi. Mwanawe yuko makaburini, mama mtu anakula chakula chake.

Ule ustadi wote ulikuwa mikononi mwangu tangu zamani. Nilikuwa nao siku ile ile niliponunua kisufuria.

Watu wananisifu siku hizi. Hata kwenye shughuli nimepunguza mafuta na wengine wananiuliza siri. Siwaambii. Nawaambia ni ndimu.

Huko uendako utakuwa na jiko lako, na siku moja utapikia watu, labda na mgonjwa, nani ajuaye. Nilitaka kukuandikia hapa mama yako anavyosema fanya hivi, usifanye vile. Nimefuta. Umeona mwenyewe nilichokifanya, wewe ndiye uliyekuwa unainuka kwenda barazani wakati sie watu wazima tunashindania nyama. Sina cha kukufundisha juu ya hilo. Laiti ningekufuata siku moja tu, na sahani yangu mkononi, tukala watatu.

Lakini chumvi, hilo naweza kukwambia maana nimelipia. Nesi alisema kupunguza. Hakusema mtu mzima wa miaka ishirini na tatu, mapigo mazuri, ajilishe chakula kitupu maisha yake yote kwa kujiadhibu. Nilikuangalia juzi unakula yale maharagwe chumbani, mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Ulikuwa unameza kama mtu anayemeza dawa. Nimemtenga mume wangu kwenye sinia kwa jina la kumtunza, halafu nikamtenga mwanangu kwa neno moja. Watu wawili, sinia lile lile, na aliyewatenga ni yule yule. Nyie wawili mlikuwa mnafanana mno, adabu nyingi, hamkunigombeza. Laiti mngenigombeza.

Sasa sikiliza. Hukumuua baba yako. Nasema tena, mie mama yako mzazi, Mwanahawa, akili timamu, mchana kweupe: hukumuua baba yako. Neno nililolisema siku ya tatu ya msiba lilikuwa la uongo na nilijua ni la uongo nilipokuwa nalisema. Nalirudisha. Nimemwita shangazi yako leo asubuhi nikamwambia, na bibi yako nimemwambia, mihogo, supu, vidonge, vyote. Bibi yako alijifunga kanga vizuri. Halafu akasema, "Mwambie mtoto kabla hajaondoka, ama mie nitamwambia." Ndiyo sababu naandika, sikuwa jasiri hata leo, nimesukumwa.

Chembe uliyompa haikumfikisha kaburini. Ilimfikisha mpaka mwisho wa sahani, jioni chache, akiwa na mwanawe pembeni. Katika nyumba ile yote, wewe ndiye uliyempa baba yako chakula.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Barua hii nitaiweka chini ya mto wako. Ukiisoma usije kunigongea, nitashindwa kusema, nitakuomba ungo tena.

Nimekwishapeleka mtu soko la samaki Feri, tasi wawili wazuri wamekuja, wamelala kwenye ndimu. Najua hakuna mtu mwenye akili anayekula wali na mchuzi wa samaki saa kumi alfajiri kabla ya safari. Sie kesho tutakula. Nitatandika mkeka, nitaweka sinia. Bibi yako amesema ataamka, na Shabani tutamwamsha kwa nguvu. Upande wako ni ule wa kuelekea mlangoni, hakuna aliyekaa hapo tangu ulipouacha, hata wageni huwa nawasogeza. Samaki nitamchambua mie. Sijui kama baba yako, lakini shavu nitalipata.

Ukipita na begi ukaenda zako nje kungojea bajaji, nitaelewa, na nitakusindikiza hivyo hivyo, na wali nitakufungia.

Lakini mchuzi nitauacha jikoni unachemka, ndimu imo, tangawizi imo, kila kitu kimo isipokuwa kimoja. Kikopo nitakiweka pembeni ya jiko, wazi. Mie sitagusa, bibi yako hatagusa. Kwa mkono wako ule ule, Zuhura, kiasi kile kile ulichompa yeye. Njoo ututilie chumvi, mwanangu.

Mama yako